Naombeni ushauri: nimemzoesha mtu ile ya vichekesho, sasa anaitaka yenyewe

ndege_mjanja: Wakuu, habari za jioni. Nimekwama na zimebaki siku mbili. Kuna mtu hapa nyumbani nilimwekea Attack on Titan: Junior High, ile katuni ya Kijapani ya 2015. Wahusika ni wale wale wa Attack on Titan, ila wamegeuzwa wanafunzi, majitu nayo yanasoma shule hiyo hiyo, na ugomvi mkubwa kabisa ni kwamba jitu lilimlia Eren, yule kijana mhusika mkuu, chakula chake cha mchana. Hafi mtu. Armin anashinda amejiviringisha godoro kama samosa. Huyu mtu kaipenda mpaka anacheka peke yake akiosha vyombo. Sasa kijana wa jirani kaja kumwambia ule ni utani tu, yenyewe ipo. Anaitaka Jumamosi. Nifanyeje?

Kigogo wa Uswazi: Mwekee. Tatizo liko wapi?

Titan_wa_Temeke: Tatizo liko sehemu ya kwanza kabisa, mkuu. 2013, bado naikumbuka. Ukuta unabomolewa, nyumba inamwangukia mama yake Eren miguuni, hawezi kutoka. Linakuja jitu linatabasamu, linamnyanyua, linamla, na mwanawe anaona huku amebebwa begani. Ndiyo maana ile ya shuleni inachekesha: wamechukua msiba ule ule wakaufanya kisa cha kuibiwa msosi. Mimi nilicheka na koo limekaba. Huyo mtoto ana miaka mingapi?

ndege_mjanja: Si mtoto.

Bint Mrisho: Basi ni nani? Shemeji yetu?

ndege_mjanja: Ni mtu mzima. Naomba tujibu swali tafadhali.

mzee wa busara: Vijana wa siku hizi mnaabudu katuni. Sisi jioni tulikaa kwa bibi tukasikiliza hadithi za sungura na fisi.

Titan_wa_Temeke: Mzee, kwenye hizo hadithi fisi alikuwa anakula nini? Mboga?

mzee wa busara: Ile ilikuwa na mafunzo.

Bint Mrisho: Mleta mada, narudia. Ni nani?

ndege_mjanja: Mama mkwe.

Kigogo wa Uswazi: 😂😂😂 Naweka kiti hapa. Kwetu mkwe ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite. Wewe umekaa naye mnaangalia majitu yasiyo na nguo!

ndege_mjanja: Usinicheke bila kujua. Kibarua kiliota nyasi mwanzoni mwa mwaka, kodi ikaisha, tukahamia kwake mimi, mke na mtoto. Mwezi mzima ilikuwa "shikamoo mama", "marahaba", basi. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka. Jioni moja naangalia zangu kwenye laptop, akapita na ungo wa mchele, akasimama. "Huyo kijana analilia nini?" Nikamwambia kaibiwa chapati. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua mchele. "Nani kaiba?" Tangu siku hiyo, miezi miwili sasa, kila jioni tunaangalia moja. Na asubuhi nawekewa chapati tatu. Mke wangu, mtoto wake wa kumzaa, anapewa mbili.

Titan_wa_Temeke: Subiri. Chapati? Eren aliliwa nyama ya kusaga yenye jibini. Na mle wanaongea Kijapani, maandishi ya chini ni Kiingereza. Mama anaelewaje?

ndege_mjanja: Namtafsiria.

Kigogo wa Uswazi: Umenikumbusha mbali! Mnamkumbuka Lufufu, yule mtafsiri wa filamu? Tunajazana kibanda umiza, joto kama tanuri la mkate, Mchina anafungua mdomo sekunde moja, Lufufu anaongea nusu dakika. Mimi nilikuja kuona filamu moja ile ile bila sauti yake, nikaona wamenitapeli. Haikuwa na ladha kabisa.

Bint Mrisho: Kigogo, fungua uzi wako. Mleta mada, mwambie mama ukweli kabla hajaona. "Mama, ile ya kwanza ina damu, mama wa kijana anakufa." Sentensi moja.

ndege_mjanja: Siwezi. Yule mama wa Eren ndiye anayempenda kuliko wote. Anasema wanafanana. Halafu nimeshapanga: nitatafsiri mwenyewe. Pale panapotisha nitasema jitu ni jirani mwema, linamwahisha hospitali.

Bint Mrisho: Kwa mdomo??

ndege_mjanja: Nitapunguza mwanga wa kioo. Faili nimeshalipakua.

Bint Mrisho: Kumbe hukuja kuomba ushauri. Umekuja kuombewa dua.

mwalimu_wa_zamu: Mbona njia ipo? Mwekee Today's Menu for the Emiya Family, ya 2018, sehemu 13. Nayo imetokana na Fate/stay night, huko watu wanauana kugombea kikombe, lakini hii wanapika tu. Samaki, wali, supu. Mama mkwe na mapishi si ndiyo penyewe?

ndege_mjanja: Nilimwekea. Akasema kwa nini wali wao unashikana, hawajui kupika.

jicho_la_tai: Samahani, mnakunywa chai na wala hamjaambiwa sukari iko wapi. Junior High ina sehemu 12 tu. Kila jioni moja, hazifiki hata wiki mbili. Yeye anasema miezi miwili. Chai hii. Aliyeiandika hana hata mke.

Titan_wa_Temeke: Lo! Kweli, 12. Mleta mada?

Kigogo wa Uswazi: Kimyaaa.

jicho_la_tai: Anatafuta rangi ya kuongeza kwenye chai.

ndege_mjanja: Nilikuwa nachota maji. Ndiyo, ni 12. Ziliisha. Nikazirudia.

jicho_la_tai: Na mama hakujua?

ndege_mjanja: Kila nikirudia natafsiri kisa kipya. Hii ni mara ya tano. Mara ya pili Mikasa alikuwa anadai mahari yake. Mara ya tatu walikuwa na kesi ya kiwanja. Aliwahi kuuliza mbona hawabadilishi nguo, nikamwambia ni sare.

Titan_wa_Temeke: Kesi ya kiwanja 😭😭 Nani alishinda?

ndege_mjanja: Levi. Alikuwa na hati.

jicho_la_tai: Chai ya tangawizi. Nimeinywa, ila nimejua ni chai.

mzee wa busara: Uongo una miguu mifupi, kijana. Ila hiyo ya kiwanja imalizie.

ndege_mjanja: Wakuu, mrejesho. Jana nilitoka asubuhi kuulizia kazi, nikachelewa. Narudi nakuta kijana wa jirani kafungua laptop yangu, mama yuko kwenye kigoda chake, wako sehemu ya tatu. Nikamwuliza kijana kama alitafsiri. Anasema alianza, mama akamwambia anyamaze. Usiku mezani kimya. Ndipo akasema, "Kumbe mama wa watu aliliwa." Akaongeza mchuzi.

Bint Mrisho: Pole jamani. Na asubuhi hii chapati ngapi?

ndege_mjanja: Mbili. Ila kauliza leo tunaanza saa ngapi.