Luano mpaka N'djili: ndege inachukua masaa ngapi ya kweli?

Papa_Kampemba: Jambo yenu wote. Munisaidie, kutoka Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, mpaka N'djili ya Kinshasa ni kilomita ngapi, na ndege inakaa hewani muda gani? Siyo mimi nasafiri, ni bibi yangu, anaenda kwa mama yake wiki ijayo, na mimi usingizi umekataa. Biye (tiketi) inaonyesha anatoka saa 2 asubuhi anafika saa 3 na robo.

Mzee_Katuba: Kwa ndege ni karibu kilomita 1,550. Ninyi watoto wa leo munaogopa ndege? Sisi tulipanda treni mpaka Ilebo, ile reli ilifika pale tangu 1928, halafu boti, Kasai yote mpaka Kinshasa, samaki ndakala asubuhi, ndakala jioni, na kwa boti kulikuwa mama mmoja wa Kananga na mbuzi yake ilikula karte yangu ya

Ruashi_Boy: Mzee, aliuliza ndege 😂

Mama_Kamalondo: Mutu hakosi usingizi juu ya kilomita. Bibi iko mgonjwa?

Papa_Kampemba: Hapana, iko muzima kabisa. Iko tu na mimba.

Mama_Kamalondo: Ya miezi ngapi, baba?

Papa_Kampemba: Wiki 33. Lakini munisikie vizuri, ni mtoto wa kwanza, anataka kuzalia kwa mama yake, biye nimelipa tayari na franga hawarudishi. Nimeuliza masaa tu.

Muuguzi_Lshi: Kampuni mingi kuanzia wiki ya 28 zinaomba karatasi ya dokta, na mimba ya mtoto mmoja ikifika wiki ya 36 hawamupandishi tena. Kwa hiyo njia bado iko, ila karatasi iwe ya siku hizi, siyo ya mwezi uliopita, sababu pale kwa kupimisha bagaji watamuangalia tumbo na kumuweka pembeni. Hewa ya ndani ni kama uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400, kama hana tatizo ingine haimusumbui. Akae kiti cha kando ya njia, atembee kidogo, anywe maji, na mkanda upite CHINI ya tumbo.

Baba_Imani: Mwanaume unaacha mama wa mimba asafiri pekee, unabaki kuhesabu kilomita! Mungu anaona.

Ruashi_Boy: Akizalia hewani mtoto aitwe Luano.

Wa_Kenya_Komini: Mimi hii stori nimeikataa. Kilomita 1,550 kwa saa 1 na robo? Ndege gani hiyo? Kesho ataomba mumutumie unite ya simu.

Papa_Kampemba: Nadanganya mimba ya bibi yangu nipate nini?

Muuguzi_Lshi: Hadanganyi. Hapa tuko mbele ya Kinshasa saa moja. Akitoka saa 2 ya kwetu, kule ni saa 1. Anakaa hewani masaa 2 na robo, na siku ya kurudi biye itaonyesha masaa 3 na zaidi, asishtuke.

Wa_Kenya_Komini: Bon, masaa nimekubali. Tumbo sijaliona.

Papa_Kampemba: Karatasi tunaenda kuchukua kesho. Biye sibadilishi, na kazi siwezi kuacha, Baba Imani uniache.

Mama_Kamalondo: Mama mkwe anajua ni wiki 33?

Mzee_Katuba: Kama kwa valize kunabaki nafasi, dada yangu wa Limete, kule Kinshasa, analilia bowa (uyoga) ya kukausha, ni kilo mbili tu.