Mjadala: Simba wafugwe Unguja?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Kila skuli zikifungwa suala hili hurudi barazani kwetu: watoto wa visiwani wanamjua simba kwa picha na ngano tu, basi kwa nini tusifuge simba hapahapa, watoto wetu wakamuona na wageni wakalipa? Nimetibu mifugo miaka mingi, na msimamo wangu nausema mapema. Napinga. Ila sababu yangu si ile ya kuwa tundu la kumfugia ni dogo.

Tundu hupanuliwa. Simba mwenyewe hulala na kujinyoosha hadi saa 20 kwa siku, na akitunzwa vyema huweza kuvuka miaka 20, umri ambao dume wa porini hafiki. Chakula nacho kina utaratibu wake. Dume hula wastani wa kilo 7 za nyama kwa siku, na watunzaji wazuri humuwekea siku ya kufunga, maana porini hapati kila siku. Humpa mifupa na ngozi pia, kwa sababu mtoto wa simba akilishwa mnofu mtupu hukosa madini ya chokaa, mifupa ikapinda hata ikavunjika. Na ule uchovu wa kukaa pahala pamoja hupunguzwa kwa harufu: kinyesi cha swala, mdalasini uliosagwa. Mdalasini tunao.

Linalonikosesha raha ni watoto wa simba. Simba jike hubeba mimba siku 110 hivi, huzaa wawili hadi wanne, na porini hukaa karibu miaka miwili kabla hajazaa tena. Akipoteza watoto, haichukui muda hutaka dume. Ndiyo maana madume wageni wakiteka kundi huua wachanga. Sasa mtu akimnyang'anya mama watoto wake ili wageni wawapakate na kupiga picha, anafanya lilelile la dume mgeni, na mama atazaa tena na tena. Mtoto wa simba hupakatika miezi michache, kisha kucha na uzito humshinda mtu. Lazima aje mwingine.

Na yule wa kwanza aende wapi? Porini harudi: hakufunzwa kuwinda, haogopi watu, na makundi ya huko ni majike wa ukoo mmoja wasiopokea mgeni. Bustani za wanyama za ng'ambo zina simba wa kuwatosha. Mwaka 2014 bustani ya Copenhagen, nchini Denmark, iliua simba wanne, wawili wao wangali wadogo, ili kumpisha dume mpya. Nchi ile ina pesa na wataalamu. Sisi ni kisiwa.

Karibuni.

Mtembeza wageni, Paje: Bi Daktari, nakuheshimu, lakini mtoto wa Makunduchi nauli ya Serengeti ataitoa wapi? Unamwambia simba si wake, wakati Tanzania ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi yoyote. Na hilo la kuzaa si lina dawa? Wafungwe kizazi, tumalize.

Mwalimu, Wete: Mimi nawapeleka wanafunzi Kidike kuwaona popo wa Pemba. Popo yule hapatikani pengine popote duniani, na alikuwa anakaribia kumalizika mpaka wanavijiji walipoamua kumlinda. Unguja mna kima punju Jozani, mna paa nunga. Chui wetu tuliwasaka kwa kusema ni wa wachawi, leo watoto wanamtazama aliyekaushwa, yumo makumbusho. Kabla ya kuleta mnyama wa Bara, tuonyeshane tulivyowatunza wa kwetu.

Mwanzisha mada: Maalim, nakubaliana nawe, ila sitaki kumkwepa ndugu yangu wa Paje, maana hoja yake ni ya kweli. Kufunga kizazi kunawezekana. Dume akihasiwa manyoya ya shingoni hupukutika, kwa hiyo ni bora akatwe mirija ya mbegu tu. Wangekuja majike wawili wa tumbo moja, wasiozaa, wasioshikwa na mgeni yeyote, wakachanjwa pia, kwa sababu mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyoenezwa na mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa mitaani hapa unawajua. Kwa sharti hizo upinzani wangu ungepungua. Lakini nauli unayoisema ingefaa kutafutwa kwanza: boti hadi Dar es Salaam, treni hadi Morogoro, basi hadi Mikumi. Darasa zima linaweza kuwaona simba wakiwa na kundi lao.

Mtembeza wageni, Paje: Bila ya kushika? Nitasema kweli, wageni wengi wanaoniulizia simba wanaulizia kumshika. Wakiambiwa wamtazame kwa mbali, watasema wametoka safari jana.

Mwanzisha mada: Ahsante kwa kusema kweli. Basi nijibu hili pia: mwaka 2020 ndege zilipokatika, hoteli zikafungwa, sote tulilala na madeni. Simba wawili wanaoishi miaka 20 wangelishwa na nani miezi ile?