Ulinganisho: Fatboy Slim, Chemical Brothers au Prodigy, nianze na nani?

FundiBiti: Wakuu, salaam. Mwaka wa tatu huu natengeneza biti za singeli chumbani kwangu. Tangu mwezi uliopita nimezama kwenye big beat ya Uingereza, ile ya miaka ya 1990: ngoma za hip hop zilizokatwakatwa, besi inayonguruma, na milio ya sinthi inayokuna masikio. Nasikia undugu fulani na tunachofanya sisi. Nataka nichague mmoja, nifuatilie kazi yake yote toka mwanzo. Nimebaki na Norman Cook (Fatboy Slim), Chemical Brothers na Prodigy. Nianze na nani?

Santuri_za_Babu: Anza na Cook. Wengi wanaanzia 1998, albamu ya "You've Come a Long Way, Baby" ilipolipuka, wanaona kama jamaa aliokota bahati njiani. Rudi nyuma. Alikuwa mpiga besi wa Housemartins, bendi ya mji wa Hull. Desemba 1986 walishika namba moja Uingereza na "Caravan of Love", wimbo wa sauti tupu, hauna ala hata moja. Bendi ikavunjika 1988. Mwaka 1990 kashika tena namba moja, sasa na kundi lake la Beats International, muziki mwingine kabisa. Kaja na Freak Power, kaja na Pizzaman, nayo ni makundi yake. Albamu ya kwanza ya Fatboy Slim imetoka 1996 akiwa na miaka 33, chini ya Skint, lebo ndogo ya hapo hapo Brighton alipokuwa anaishi. Mtu huyu ameanza upya mara nne au tano, na kila mara kaingia studio kama mwanafunzi.

Kinanda_Tanga: Mzee wangu Santuri, kwa heshima, hapa nakupinga. Kwa prodyuza kijana naona Chemical Brothers ndio shule. Tom Rowlands na Ed Simons walikutana Chuo Kikuu cha Manchester wakisoma historia, na mpaka leo wako pamoja. Walianza kwa jina la Dust Brothers, wakalibadilisha 1995 kwa sababu Marekani kulikuwa na wenyewe. Albamu zao unazisikiliza mwanzo mwisho. Za Cook unaruka nyimbo. Isitoshe, vile vinanda vya nyuzi kwenye "Galvanize" ya 2005 wamevitoa kwenye wimbo wa Najat Aatabou wa Morocco. Sikiliza walivyoviacha vipumue, ngoma inavisubiri. Anayekata taarab ana mengi ya kujifunza pale.

Mwasiti_Sauti: Prodigy iache kwanza, mdogo wangu. Liam Howlett, mtengeneza muziki wao, ni fundi hasa, lakini nguvu yao ya jukwaani ilibebwa na watu. Keith Flint, Mungu ampumzishe, alianza kama mcheza dansi tu, "Firestarter" ya 1996 ndiyo ikamfanya mwimbaji. Huna mtu wa kusimama mbele yako hivyo, utaisoma njia usiyoweza kuipita.

FundiBiti: Asante dada. Sasa kuna jambo linaninyima usingizi: sampo, yaani vipande vya nyimbo za wengine. Mimi nakata vipande vya kanda za zamani. Cook aliishije na hilo?

Santuri_za_Babu: Hapo ndipo penye somo, mwanangu. Ule wimbo wa 1990, "Dub Be Good to Me", besi yake aliichota kwenye "Guns of Brixton" ya bendi ya The Clash bila kupatana na wenyewe, ikamgharimu. Linganisha na "Praise You", iliyoshika namba moja Januari 1999. Sauti ile ni ya Camille Yarbrough, msanii Mmarekani mweusi, kutoka wimbo wake wa 1975. Safari hii jina la mama huyo limo kwenye hati ya utunzi, na anakula jasho lake. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua fidla kwenye kanda ya arusi, nikadhani mpigaji keshafariki. Akanipigia simu. Hakunitukana, aliniuliza tu, "Hata salamu, baba?" Siku ile sijaisahau.

Kinanda_Tanga: Kwenye sampo nakubali, Cook ana funzo kuliko vijana wangu. Hata vifaa vyake: kompyuta ya Atari ST na sampla za Akai S950, mashine za kunasa na kukata sauti, zenye kumbukumbu ndogo hata picha moja ya simu yako haiingii. Ndiyo maana vipande vyake ni vifupi, vinajirudia. Uhaba ulimfundisha kuchagua.

Mwasiti_Sauti: Naongeza moja. Albamu yake ya mwisho ya studio ya peke yake kwa jina la Fatboy Slim ni ya 2004, na bado anajaza viwanja, maana kimsingi ni DJ. Julai 2002 alipiga bure ufukweni Brighton. Walitegemewa watu 60,000, wakaja kama 250,000. Mimi humu huwa nasema prodyuza asiyepiga mbele ya watu hajui biti yake inafanya nini miguuni. Ukimfuata Cook, mfuate na kwenye deki.

FundiBiti: Basi nimeamua, Cook. Niingilie wapi?

Santuri_za_Babu: "The Rockafeller Skank". Vaa hedifoni, usicheze. Katikati ngoma inalegea kama redio inayoishiwa betri, na kile kipande cha sauti kinarudiwa kifupi, kifupi zaidi, mpaka maneno yanageuka mlio. Ikirudi ngoma, simamisha, rudisha nyuma, hesabu ana vipande vingapi tu. Kisha jaribu na fidla yako moja. Ukimaliza iweke hapa tuisikie, na utuambie ni ya nani.