Baada ya uzamivu: Humboldt, Marie Curie au Cape Town?

Mwanamorogoro
Wakuu, habari za jioni. Nimetetea tasnifu ya uzamivu mwezi uliopita, fani yangu vinasaba vya mbu. Sasa natafuta nafasi ya utafiti chuoni. Maprofesa watatu wamenijibu: wa Ujerumani anataka tuombe Humboldt, ufadhili wa watafiti wa Ujerumani, wa Uholanzi Marie Curie, mpango wa watafiti wa Umoja wa Ulaya, na wa Cape Town fedha anazo tayari. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Mngekuwa mimi, mngeenda wapi?

Mzee wa Maabara
Hongera sana, daktari. Kwanza tenganisha ajira na ufadhili. Marie Curie ni ajira: chuo kinakupa mkataba, unakatwa kodi, unachangia hifadhi ya jamii, na posho ya familia ipo. Humboldt ni ufadhili wa miezi 6 hadi 24, na usiwe umepitisha miaka 4 tangu upate uzamivu. Marie Curie wanakuvumilia hadi miaka 8. Ningeanza na ile ambayo mlango wake unafungwa mapema.

Binti wa Kilifi
Kaka, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa andiko la Marie Curie, fungua pasipoti. Katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi nchi ya mwenyeji wako, yaani chuo kitakachokupokea, zaidi ya miezi 12. Mimi nilihesabu mihuri nikakuta miezi 14, ikabidi nitafute mwenyeji nchi nyingine.

Mwanamorogoro
Asante dada. Uholanzi nilikaa miezi 5 tu.

Mlima Meza
Niko huku Kusini mwaka wa pili. Fedha za nafasi kama hiyo ya Cape Town mara nyingi huhesabiwa kama ufadhili, kwa hiyo hazikatwi kodi, ila pensheni hakuna na bima ya familia nalipa mwenyewe. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Kwa mwenye mtoto mdogo, hilo linanyima usingizi.

Lakini kikubwa zaidi: sampuli zako ziko wapi? Zangu zilisubiri kibali njiani hadi barafu kavu ikaisha. Nilifungua boksi nikakuta mirija 96 imekuwa vuguvugu, RNA yote (molekuli za vinasaba) imeharibika. Kazi ya misimu miwili ya mvua. Popote uendako, anza na kibali.

Sendai
Japani nako usikusahau. Ufadhili wa JSPS, shirika la Japani la kukuza sayansi, ni yeni 362,000 kwa mwezi, ila anayewasilisha maombi ni mwenyeji kupitia chuo chake. Bila profesa anayekutaka kweli, hupati.

Mwanamorogoro
Nimewaelewa. Naandika Humboldt sasa, Marie Curie nitafuatia, na wa Cape Town namuuliza leo kama anaweza kuandika mkataba wa miaka miwili. Fomu ya kuhamisha sampuli nasaini mimi au chuo?

Mlima Meza
Chuo ndicho kinachofunga mkataba, maana sampuli ni zake. Wewe unasaini kama mtafiti tu. Nenda kesho asubuhi.