Nguo za kasha la bibi: nikate ipi nimshonee mtoto gauni la Idi?

Mama_Langoni
Assalam aleikum. Naomba ushauri kwa wanaojua kushona. Binti yangu ana miezi sita na nataka Idi hii avae gauni nililomshonea mimi, kwa nguo tulizonazo nyumbani. Dukani nataka kwenda kwa ajili ya uzi tu.

Nguo zenyewe zimetoka kwenye kasha la marehemu bibi yangu hapa Lamu. Kuna doti ya leso nyekundu yenye pindo jeusi, mpya kabisa, hata haijatenganishwa. Kuna foronya mbili za pamba alizozitarizi kwa mkono wake, na kipande cha lesi nyeupe kilichobaki harusi ya shangazi. Zote zina harufu kali ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo, na foronya zimeingia madoa ya manjano kwenye mikunjo.

Kushona najua kiasi: mapazia, foronya, kupinda leso. Nikate ipi? Mama yangu hataki hata kusikia kwamba leso ya bibi itaingia mkasi, nami moyo unanisita.

Fundi_Mkomani
Waaleikum salaam dada. Kata leso, foronya uziache. Nguo iliyokunjwa miaka mingi hukatikia palepale penye mkunjo. Inyanyue uielekeze dirishani: ukiona mstari wa mkunjo unapitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, nguo hiyo haitahimili kufuliwa kila siku. Na tarizo la mkono ukishalipasua ndio basi.

Leso ni pamba na inapitisha hewa, ndicho anachohitaji mtoto kwa joto letu hili. Ifue kwanza, peke yake, kwa maji baridi, mpaka maji yatoke safi. Nyekundu mpya huchuja rangi, na wanga wa kiwandani ukitoka nguo hurudi. Ukishona kabla ya kufua, gauni litapungua akiwa amelivaa mara moja tu.

Sasa mkato. Upande mrefu wa leso una ukingo wa kiwandani, haufumuki. Weka pindo hilo liwe chini ya gauni na hutakuwa na haja ya kupinda. Kifua cha mtoto wa umri wake ni kama inchi 17, lakini mpime mwenyewe. Sketi ikate upana mara mbili ya hapo. Piga mistari miwili ya mishono mirefu juu ya sketi, vuta uzi wa chini polepole, marinda yajikusanye. Yasawazishe, yapige bandi kwa mkono, ndipo upeleke kwenye charahani.

Ummu_Kizingitini
Leso hiyo jina lake linasemaje?

Mama_Langoni
"Wema hauozi."

Ummu_Kizingitini
Mashallah. Basi likate likae nyuma, katikati, juu ya pindo. Akibebwa begani kila mtu atalisoma.

Nesi_Malindi
Dada, kabla ya mkasi tuzungumze kuhusu hiyo harufu. Mimi ni nesi na jambo hili naliombea usikilize kwa makini. Vidonge vile vingi ni nafthalini. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hiyo ipo zaidi kwenye maeneo ya malaria, Pwani yetu ikiwemo. Mtoto kama huyo akivishwa nguo iliyohifadhiwa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Wavulana hupata zaidi, lakini wasichana hawajasalimika. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo, kwa sababu haonekani na ugonjwa wowote.

Nafthalini huyeyuka kwenye mafuta. Sisi tunawapaka watoto mafuta, kisha tunawavika, na hapo ngozi inaifyonza kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo zianike nguo nje kwenye upepo siku nyingi, uzifue kwa sabuni na maji ya moto zaidi ya mara moja, uzianike tena. Kama harufu bado ipo, asivae. Vidonge vyenyewe vitoe kashani, na visikae chumba anacholala. Ukiona macho yamekuwa manjano, amepauka, au mkojo umekuwa mweusi, mpeleke hospitali siku ileile.

Fundi_Mkomani
Shukran nesi. Basi maji ya moto yatangulie maji yangu ya baridi. Rangi itapungua kidogo, ipungue.

Bibi_wa_Shela
Mwanangu, mamako usimlaumu. Leso ya mamake ndiyo mkono wake uliosalia. Lakini leso ni mbili. Kata moya, ya pili muwekee mwana mpaka awe mkubwa ajifunge. Mwambie mamako hivyo, atakubali.

Na shingo ya gauni usipime kwa shingo, pima kwa kitwa. Kitwa cha mwana ni kikubwa, gauni litakwama masikioni alie mpaka jioni. Pasua kidogo nyuma utie kifungo kimoya, ukishone sana kisitoke akakimeza.

Charahani_ya_Usiku
Mimi bado naona foronya ndiyo kazi rahisi. Unafungua upande wa juu, unakata makwapa, unapitisha utepe na kufunga mabegani. Jioni moja umemaliza.

Fundi_Mkomani
Kwa msichana wa miaka mitano, sawa. Kwa wa miezi sita sikubali utepe karibu na shingo, atauvuta au utamkaba. Ukitaka mtindo huo tia mpira laini ndani. Na hizi foronya zina kazi ya bibi yake.

Lesi usiiweke shingoni wala kwapani, inakwaruza. Ishone chini ya sketi kwa ndani, ichungulie tu, lakini ifue mbali na leso isije ikageuka waridi. Mishono ya kwapa na ubavu ifungie ndani: shona kwanza mgongo kwa mgongo, robo inchi, punguza nyuzi, geuza, piga tena. Mtoto asiguswe na uzi uliochanika.

Mama_Langoni
Allah awalipe nyote. Nguo zote ziko juu ya dari zinapigwa na upepo wa bahari, vidonge nimeshavitoa. Nimemwambia mama maneno ya Bibi wa Shela. Amenyamaza, kisha akaitenganisha doti mwenyewe. Foronya nitazifua, nizirudishe kashani. Swali la mwisho: charahani yangu ina sindano namba 16, ile ya mapazia. Itafaa?

Fundi_Mkomani
Itatoboa leso matundu. Nunua namba 11, na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.