NIINUKE BARAZANI KWETU ETI NAHARIBU PICHA???

Wana Mombasa, salamu baadaye. Yule bwana wa mgahawa mpya Mji wa Kale, mwenye mashati ya maua na kahawa ya mia tatu, nyote mnamjua, simtaji. Leo kaniinua barazani.

Baraza gani? Lile la mlango wa nakshi. Babu kakaa, baba kakaa, na mimi nimekaa hapo tangu sijaota ndevu. Niko zangu na kikombe cha kahawa tungu, kashata mkononi, sina habari na mtu. Akaja na wageni wawili, simu kubwa kama sinia, akaniambia: "Mzee, sogea kidogo, unaharibu picha."

Mzee! Nina miaka 38, wallahi!

Unaharibu picha. Mlango ule umekula chumvi ya bahari na masika yote, umepita Mwingereza, umepita 2018 tulipoamriwa kupaka majengo rangi nyeupe na buluu. Haukuharibika. Nimeuharibu mimi, leo, kwa kukaa!

Na kilichoniuma zaidi ni kuwa niliinuka. Miguu ilishika adabu kabla sijaiambia. Kugeuka, paka kaja kakaa PALE PALE nilipotolewa. Hakuambiwa asogee. Wageni wakapiga magoti barabarani kumpiga picha, na bwana yule akasema, "Vizuri sana, hapo hapo." Paka wa samaki wa kuiba! Mimi naharibu, paka anapamba?

Kahawa ilipoa mkononi. Niambieni, hiyo ni hishima?

Binti Makadara: Pole kaka. Ulivaa kikoi kipi lakini? Kama ni kile cha manjano, bwana wa watu hana makosa.

Yakhe Bondeni: Nimewahi kumuona huyo paka. Ana sura, tusidanganyane.

Mwenye uzi: Chekeni tu. Mkiinuliwa nyinyi msije hapa kulia.

Mvuvi Mstaafu: Alikuita mzee ukaitika? Basi wewe mzee.

Mwenye uzi: SIKUITIKA. Nilisogea tu.

Dada wa Likoni: Una baraza la kuinuliwa, shukuru. Sisi tunasimama ferini jua la utosi, na feri iko katikati ya maji inawaza.

Yakhe Bondeni: Si mpite daraja la kuelea la Liwatoni?

Dada wa Likoni: Wewe umelipita kwa miguu na mzigo kichwani? Kila nikifika mimi, meli nayo inataka kupita. Na lile daraja kubwa la magari tuliloahidiwa tutalivuka na vitukuu.

Msukuma Mkokoteni: Feri ni bure kwa wapita njia na bado mnalia. Mimi jana tuktuki kutoka Posta hadi Laitihausi, kule baharini, nimetajiwa mia tano kwa sababu nimevaa kofia ya jua. Kuniuliza: "Umeshuka na treni ya SGR?" Mimi mzaliwa wa Majengo!

Binti Makadara: Hiyo Laitihausi yenyewe, tangu itengenezwe 2019, Jumapili jioni hupati hata pembe ya kuegemea. Watu wote wanapiga picha.

Mwenye uzi: Ndiyo hayo nasema! PICHA! Jamani, yule paka...

Mvuvi Mstaafu: Tushamsikia paka, mzee.

Mla Viazi: Samahani kuwakatiza. Yule mama wa viazi karai aliyekuwa karibu na Makadara kahamia wapi? Chatini yake ya ukwaju nimeiota.

Dada wa Likoni: Yuko Mwembe Tayari siku hizi. Ila viazi vitano mia.

Mla Viazi: Vitano MIA??

Msukuma Mkokoteni: Na chatini anakutilia kwa kijiko cha chai.

Mla Viazi: Huyo namfungulia uzi wake sasa hivi. Nifuateni.