Mgonjwa wa baipola aliyetulia: ameze dawa maisha yote?

MwanaKorogwe:
Wakuu, habari zenu. Dada yangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi (mania) kisha kumshusha kwenye huzuni nzito. Anameza lithiamu, dawa ya kumtuliza asipande wala kushuka, na kwa muda mrefu sasa ametulia. Kazini anakwenda, usingizi anapata. Familia imegawanyika. Mama anasema mtoto amepona, dawa za nini tena, zitamla figo. Kaka mkubwa anasema akiacha tu tunarudi kule kule. Daktari kasema maisha yote, basi.

Nimejaribu kusoma. Utafiti wa BALANCE wa 2010 uliwachukua wagonjwa 330, ukapima lithiamu, valproeti (dawa nyingine ya baipola), na zote mbili kwa pamoja. Lithiamu ikaishinda valproeti. Sawa, ila hawakufuatiliwa zaidi ya miaka miwili. Marekani, kina Judd waliwafuatilia watu 146 kwa wastani wa karibu miaka 13, majibu wakayatoa 2002: karibu nusu ya wiki zote mgonjwa alikuwa na dalili, na wiki za huzuni zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile za kupanda. Na hao ni watu walioingia kwenye utafiti wakiwa wanatafuta tiba! Sasa ushahidi wa "maisha yote" uko wapi? Naomba hoja, si matusi.

Kifimbo:
Upo tangu 1970. Denmark, Baastrup na Schou waliwachukua wanawake 84 waliokuwa wametulia kwa lithiamu. 45 wakaendelea nayo, 39 wakabadilishiwa kimyakimya vidonge visivyo na dawa. Ndani ya miezi mitano, 21 kati ya hao 39 ugonjwa ukawarudia. Kwa wale 45, hata mmoja. Mpe mama yako hesabu hiyo. Anayetaka mtu aliyetulia aache dawa hajawahi kukesha na mgonjwa aliyepanda.

MwanaKorogwe:
Mkuu, mama yangu mwache. Ndiye aliyelala mlangoni dada alipotaka kutoka saa nane usiku kwenda kuuza kiwanja. Kukesha anakujua kuliko mimi na wewe.

Na hao wa Denmark nimewasoma. Waliachishwa ghafla, na kuacha lithiamu ghafla kwenyewe kunaamsha mania. Je, waliorudiwa walirudiwa kwa kukosa dawa, au kwa namna walivyoachishwa? Hapo ndipo nataka tusaidiane.

Jembe la Mtibwa:
Wakuu samahani, mimi nina la kwangu. Hawa watu wa Mirembe kwa nini wanaoa na kuolewa bila kusema? Nimeoa, ukoo mzima wa mke wangu unajua, wakapokea mahari na kunyamaza. Mwaka wa kwanza tu nimerudi safari nakuta makochi, televisheni na sufuria wamegawiwa majirani. Nikapiga simu ukweni, naambiwa "eeh, huwa inamtokea". Huo si utapeli?

Bint Makorora:
"Hawa watu" ndio mimi, kaka. Niite kwa ugonjwa wangu, usiniite kwa jina la hospitali.

Mchumba wangu wa kwanza nilimwambia kabla ya posa. Akaenda kwao, wiki haikuisha posa ikavunjwa, na mtaa mzima ukajua. Wa pili nikamwambia vilevile, naye ndiye mume wangu leo. Kusema ni haki yako kudai, nakubali kabisa. Lakini wanaume mliotufukuza kwa kusema ukweli mna sehemu yenu katika huko kunyamaza.

Baharia Mvita:
Nyinyi Watanzania Mirembe, sisi Wakenya Mathari. Pande zote mbili za mpaka tumeigeuza hospitali kuwa tusi, halafu twashangaa wagonjwa hawendi kliniki. Ndugu yangu Jembe, ulipoposa uliwaeleza wakweo kwenu kuna sukari na presha?

Jembe la Mtibwa:
Sukari haigawi makochi. Msinibebeshe mimi dhambi ya waliomkataa Bint Makorora, simjui. Nimeuliza swali la haki: niambiwe au nisiambiwe?

Kifimbo:
Uambiwe. Ila jibu kwa mdomo wako: ungeambiwa, ungeoa?

Jembe la Mtibwa:
Hilo ni langu na Mungu wangu. Mke nampenda na niko naye mpaka leo. Mnanisema kana kwamba nimemwacha.

MwanaKorogwe:
Wakuu, mada ni dawa...

Nesi wa Zamu:
Mwanamada nakuja kwako. Hili la ndoa siwezi kulipita, maana kuna siri kubwa kuliko ya wakwe na hamjaigusa. Kliniki naletewa binti anayetarajia kuolewa. Kadi yake imeandikwa valproeti, dozi, tarehe ya kurudi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba aliulizwa kuhusu mimba. Mama akiitumia valproeti akiwa mjamzito, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya viungo, kama mgongo wazi au ya moyo. Watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Uingereza tangu 2018 mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa hiyo mpaka awe kwenye mpango maalumu wa kuzuia mimba. Kabamazepini, dawa nyingine ya baipola na kifafa, nayo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke anaamini amejikinga, kumbe hajajikinga.

Kaka Jembe amenyimwa habari, ni kweli. Huyu binti kanyimwa habari za mwili wake mwenyewe.

Kifimbo:
Nesi, nakuheshimu, lakini ukiandika hivi hadharani wasichana watatupa dawa leo leo. Unatisha watu.

Nesi wa Zamu:
Kumwambia mtu kilichomo kwenye kidonge chake si kumtisha. Ndiyo maana nasema wazi: asiache mwenyewe. Aende, aulize, abadilishiwe kwa mpango kabla ya mimba. Akiacha peke yake anaweza kupanda, na akiwa na kifafa juu yake anaweza kupoteza maisha.

Na valproeti imeenea kwa sababu inatibu kifafa pia na haihitaji kufuatiliwa kwa karibu kwenye damu. Lithiamu ndiyo yenye ushahidi mzito wa muda mrefu, lakini inataka kipimo cha damu, na vituo vingi havina. Kwa mgonjwa aliyetulia tunapenda kiwango chake kwenye damu kikae kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita). Ikishuka sana haifanyi kazi, ikipanda sana ni sumu.

Baharia Mvita:
Hiyo sumu nimeiona kwa macho. Mama mkwe wangu mikono ilikuwa ikitetemeka hadi chai yamwagika kwenye kisahani, akisimama ayumba, maneno mazito. Tukadhani ni uzee. Kumbe goti lilimuuma, akanunua diklofenaki dukani, na muuzaji hakumuuliza anameza dawa gani nyingine. Daktari akatueleza kwamba diklofenaki na brufeni zaifanya figo ishikilie lithiamu, ikajaa mwilini. Kwa hivyo msilaumu lithiamu peke yake.

Bint Makorora:
Asante Baharia. Kila siku naambiwa "figo, figo". Mwaka 2012 walikusanya tafiti 385 za madhara ya lithiamu: figo huchuja kwa uwezo uliopungua kidogo, lakini wanaofikia figo kufeli kabisa ni wachache sana. Kinachosumbua zaidi ni tezi ya shingo na uzito. Mimi tezi yangu imeguswa, nameza kidonge kingine, naendelea. Mama wa Korogwe ana haki ya kuogopa, basi adai kipimo cha figo na tezi kila baada ya miezi sita.

Jembe la Mtibwa:
Bado nasema nilipaswa kuambiwa. Lakini Nesi, mke wangu anameza hiyo hiyo valproeti, na sasa tunatafuta mtoto. Kliniki nimekwenda naye mwenyewe, hakuna aliyesema neno. Nifanye nini?

Nesi wa Zamu:
Msitishe dawa, ahirisheni mimba. Njia ya kuzuia mimba iendelee. Nendeni wote wawili na pakiti ya dawa mkononi, mwambie daktari waziwazi mnataka mtoto, aseme atambadilishia nini na kwa muda gani. Akikujibu "haina shida", omba rufaa.

Bint Makorora:
Na yeye mke aongee, kaka. Usimsemee yote.

MwanaKorogwe:
Nimefurahi kwa Jembe, kweli. Ila swali langu la kuachishwa ghafla limezama.

Kifimbo:
Halijazama. Wanaopunguziwa polepole hurudiwa kwa kiasi kidogo kuliko wanaokatiwa ghafla, hilo nakupa. Mwongozo wa Uingereza unasema lithiamu ipunguzwe kwa wiki nne kwa uchache, na ikiwezekana miezi mitatu. Lakini hata kwa polepole wengi bado wanarudiwa, mkuu. Dada yako mwenyewe anasema nini? Umetuambia la mama, la kaka na la daktari.

MwanaKorogwe:
Anasema anataka kuendelea. Mama ndiye hataki.

Kifimbo:
Basi kikao cha familia cha nini?